Shule, Skuli na Chuo: Mtoto wa Nkoaranga na Siku Yake ya Kwanza

Mzazi wa Unguja au Pemba anapomwamsha mwanawe alfajiri ya siku ya kwanza, humwambia kuwa leo anakwenda skuli. Mzazi wa Tanga, wa Dar es Salaam au wa Arusha humwambia kuwa anakwenda shule. Tofauti hii ni ndogo katika masikio, lakini ndani yake imejificha historia nzima. Skuli tumelipata kwa Waingereza. Shule limetokana na neno la Wajerumani. Waingereza waliitawala Tanganyika kwa zaidi ya miaka arobaini baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, wakabadili sheria, sarafu na majina ya ofisi, ila neno hilo hawakuweza kuling'oa katika vinywa vya mama waliokuwa wakiwafunga watoto wao vifungo vya shati. Na nyuma ya maneno haya mawili liko la tatu, kongwe kuliko yote, nalo ni chuo, ambalo kwa wazee wetu wa pwani lilikuwa na maana ya kitabu kabla halijawa na maana ya mahali kinaposomwa.

Makala haya yanataka kuifuata siku hiyo ya kwanza mbali na bahari, katika mteremko wa kusini-mashariki wa Mlima Meru, mahali paitwapo Nkoaranga. Huenda msomaji wa visiwani akauliza, "Nkoaranga kuna nini kinachotuhusu?" Naomba asubiri kidogo. Mtoto wa mlima ule, alipoketi darasani kwa mara ya kwanza, alifundishwa maneno yaliyotoka kwetu. Kwa hiyo habari yake ni habari yetu pia.

Tuanze na hali ya nchi. Nkoaranga iko juu ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Moshi, karibu na Usa River. Mlima wenyewe una urefu wa zaidi ya mita 4,500, na kutoka misituni mwake hushuka vijito vingi vinavyokata ardhi kwa mabonde. Wameru walioikalia ardhi hiyo ni wakulima wa migomba na, tangu enzi za ukoloni, wa kahawa. Katika nyumba ya Mmeru mtoto wa miaka sita au saba hakuwa mtu wa kukaa bure. Alikata majani ya ng'ombe, alichunga mbuzi, aliteka maji, na kama ni wa kike alibeba mdogo wake mgongoni tangu asubuhi hadi jua linapozama. Kumtoa mtoto huyo nyumbani kwa nusu siku kulikuwa ni kutoa mikono miwili ya kazi. Jambo hili lazima likumbukwe kila inaposemwa kwamba wazee wa zamani "walikataa shule" kwa sababu ya ujinga. Hawakuwa wajinga. Walikuwa na hesabu zao.

Walikuwa pia na makovu yao. Mnamo Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipiga kambi Akeri, si mbali na Nkoaranga, wakiwa na nia ya kuanzisha kituo. Waliuawa usiku pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Serikali ya Kijerumani ililipiza kisasi kwa majeshi yaliyoongozwa na Kapteni Johannes: watu wakauawa, migomba ikafyekwa, mifugo ikachukuliwa. Miaka michache baadaye boma la Arusha lilijengwa kwa kazi ya kulazimishwa ya Waarusha na Wameru, na tarehe 2 Machi 1900 Mangi Lobulu wa Meru alinyongwa Moshi siku moja na Mangi Meli na wengineo. Miaka miwili tu baada ya kitanzi hicho, mwaka 1902, Misheni ya Leipzig ilirudi na kufungua kituo chake Nkoaranga. Pamoja na kanisa ikaja shule.

Tujiweke basi katika nafasi ya mzazi wa mwaka huo. Waliokuja kumwomba mtoto wake walikuwa na rangi na lugha moja na wale waliomnyonga mangi wake. Walisema kwamba wao si askari, na kwa hakika hawakuwa askari. Lakini mtu aliyechomewa nyumba hahitaji kueleza kwa nini anasita kufungua mlango. Wapo waliompeleka mtoto kwa sababu waliona kwamba nguvu ya wageni hawa imo katika karatasi, na kwamba ni heri mmoja wa nyumba ajue karatasi inasema nini. Wapo waliomtoa yule ambaye kazi yake haikuwa na uzito mkubwa nyumbani. Na wapo waliomficha mtoto migombani. Katika njia hizo tatu hatuoni hata mmoja aliyeifanya siku ile kwa wepesi.

Hapa msomaji wa pwani atajitambua. Visiwani nako wazazi walisita sana mbele ya skuli za Serikali, na sababu zao zilikuwa za heshima. Mtoto wa Kiislamu alikwisha kuwa na siku yake ya kwanza, nayo ilikuwa siku ya kutiwa chuoni. Mzazi alimshika mkono akampeleka kwa mwalimu, akiwa na zawadi kwa kadiri ya uwezo wake. Mwalimu akampokea, akamwandikia herufi kwenye ubao kwa wino, na mtoto akaanza na bismillahi. Maneno ya makabidhiano yalijulikana na kila mtu. Mzazi alikuwa akimtoa mwanawe kwa mtu aliyeishi naye mtaa mmoja, aliyesali naye msikiti mmoja. Skuli ya Serikali iliyomtaka mtoto bila kuijali Kurani ilionekana kuwa inataka kumnyang'anya mtu mwanawe. Ndiyo maana skuli hizo zilipata kukubaliwa vijijini Unguja na Pemba pale tu mafundisho ya Kurani yalipoingizwa katika ratiba. Bwana mkubwa wa ofisi aliona kuwa huo ni ukaidi. Sisi tunaona kwamba ni masharti ya haki: atakaye mtoto na aje kwa adabu.

Wala tusisahau kwamba katika pwani yetu yako masomo ambayo hayakuhitaji mlango wa skuli kabisa. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, alipoutunga utendi wake yapata mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye, alianza kwa kumwita mtoto akae karibu naye, alete wino na karatasi. Darasa lilikuwa chumbani kwa mama mgonjwa, na mwanafunzi alikuwa mmoja. Karibu karne moja baadaye Shaaban Robert naye aliwausia watoto wake kwa utenzi. Kwa watu wenye mila ya namna hii, swali halikuwa kama mtoto asome au asisome. Lilikuwa asome kwa nani, na atoke kwake akiwa nani.

Mlimani swali hilo lilikuwa na uzito mwingine, kwa sababu kusoma kulikuja na lugha ya kigeni. Wajerumani walikiteua Kiswahili kuwa lugha ya utawala wa chini na ya shule zao za Serikali. Wamisionari wa Leipzig, kwa upande wao, walipenda zaidi lugha za wenyeji, wakihofia kwamba Kiswahili kinabeba Uislamu mgongoni. Hofu yao haikuweza kushindana na biashara, boma na barabara. Kisha Waingereza wakaja na kutaka Kiswahili kimoja kwa makoloni yao yote ya Afrika Mashariki. Mkutano wa Dar es Salaam wa mwaka 1925 ulianza kazi hiyo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ukaichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi. Na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kusimamia vitabu na imla. Watu wa Mombasa na Lamu waliokipenda Kimvita na Kiamu hawakufurahi, na ugomvi huo wa washairi haujesha hata leo.

Lakini tazama matokeo yake Nkoaranga. Mtoto aliyeamka asubuhi akizungumza Kimeru na bibi yake, aliyepita migombani akiitana na wenziwe kwa Kimeru, alivuka kizingiti cha darasa akakuta lugha ya Mji Mkongwe imeandikwa ubaoni. Hajaiona bahari. Hajui dau, wala ngalawa, wala pepo za kaskazi na kusi. Hata hivyo a, e, i, o, u zake alizipata katika matamshi yetu. Siku ya kwanza ya shule mlimani ilikuwa siku ya kwanza ya safari ya kuja pwani, bila mtoto kuinua mguu kutoka Meru. Sisi tunaojivunia kwamba Kiswahili ni chetu hatuna budi kuikumbuka gharama iliyolipwa na watoto wa mbali ili kipate kuwa cha wote. Wapo waliochapwa fimbo kwa neno moja la mama lililowaponyoka uwanjani.

Faida nayo ilionekana, na hapana mahali ilipoonekana zaidi kuliko katika kesi ya ardhi. Novemba 1951 Serikali ya Kiingereza iliwafukuza Wameru kutoka Engare Nanyuki, upande wa kaskazini wa mlima, ili ardhi hiyo wapewe walowezi wa Kizungu. Maelfu ya watu walihamishwa kwa nguvu na nyumba zao zikachomwa moto. Wazee wa mwaka 1896 walijibu kwa mikuki. Wajukuu wao walijibu kwa kalamu. Walichanga fedha, wakaandika malalamiko, wakamtuma Kirilo Japhet, kijana aliyepita katika madarasa ya misheni, mpaka Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Hawakurudishiwa ardhi wakati ule. Azimio la kuwaunga mkono halikupata kura za kutosha katika Baraza Kuu. Ila Tanganyika nzima ilijifunza kwamba mtu wa kijijini anaweza kumshitaki mtawala wake mbele ya dunia, na somo hilo halikupotea katika miaka iliyofuata ya kudai uhuru. Mzee aliyekubali kumwachia mwanawe kazi ya mbuzi ili akajue "karatasi inasema nini" alikuwa amelipwa, ingawa kwa kuchelewa na kwa nusu.

Tusidhani kuwa siku ya kwanza ilikuwa moja kwa watoto wote waliouona mlima huo. Mwaka 1934 mjini Arusha ilifunguliwa Shule ya Arusha, ya bweni, kwa watoto wa Kizungu, Wahindi walikuwa na shule zao, Waafrika zao. Na kati ya mji huo na Nkoaranga, pale Tengeru, palikuwa na watoto wa aina ya nne. Kuanzia mwaka 1942 iliwekwa hapo kambi ya wakimbizi wa Kipolandi, yapata watu 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliofukuzwa makwao wakapelekwa Siberia, kisha wakapitia Uajemi mpaka kufika Afrika. Walijenga nyumba za duara, kanisa na shule, na mama wa Kipolandi waliwafunga watoto wao riboni za nywele chini ya Mlima Meru ili wakasome lugha ya nchi ambayo wengi hawakuiona tena. Makaburi yao yapo Tengeru mpaka leo. Mtoto wa Kimeru na mtoto wa Kipolandi hawakuketi dawati moja, ingawa wote wawili walikuwa wakipelekwa shule na wazazi waliokwisha kupokonywa kitu.

Baada ya uhuru mipaka ya rangi iliondolewa shuleni, na kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 Serikali ikazitwaa shule za misheni. Lakini nafasi zilikuwa chache mno. Ndipo lilipotumika sana lile jaribio ambalo kila mtu mzima wa bara analikumbuka: mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa aliambiwa apitishe mkono juu ya utosi aguse sikio la upande wa pili. Aliyegusa aliandikwa; ambaye kidole kilikoma juu ya sikio alirudishwa nyumbani akaongezee mwaka. Wapo watoto waliofanya mazoezi usiku kucha, wakivuta vidole mpaka shingo ikapinda. Sijui kama kuna mtihani mwingine wowote duniani ambao mtu hufaulu kwa kuwa na mikono mirefu.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba kila mtoto wa umri wa shule apate nafasi ifikapo mwaka 1977. Shule zikajengwa kwa nguvu za wananchi, na walimu wakafundishwa kwa njia za haraka. Wanafunzi wa shule za msingi Tanzania Bara, ambao mwaka 1970 hawakufika milioni moja, walizidi milioni tatu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Miaka hiyohiyo kampeni ya elimu ya watu wazima ilikuwa imepamba moto. Hivyo yalitokea majumbani mambo ambayo hayakuwahi kutokea kabla: mama alimpeleka mtoto asubuhi, na alasiri akaenda yeye mwenyewe kuketi juu ya benchi kusoma silabi zilezile. Jioni wawili hao waliulizana. Ningependa mshairi mmoja wa zama zile angeitungia utenzi jioni hiyo.

Mlango uliofunguliwa haukubaki wazi. Hali ya uchumi ilipokuwa mbaya, mwaka 1984 wazazi walianza kutozwa tena mchango wa elimu, na mbele ya mchango huo mzazi wa watoto watano alirudi kwenye hesabu za babu yake: nani aende, nani abaki. Ada ikafutwa mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioitwa MMEM, ukaanza mwaka uliofuata. Idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka kama milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2005. Kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ada na michango ya lazima iliondolewa katika elimu ya msingi mpaka kidato cha nne, na Januari 2016 madarasa ya kwanza yalijaa watoto kupita kiasi, hata wengine wakaketi sakafuni. Kila mara mlango ulipopanuliwa, ilidhihirika ni wangapi waliokuwa wamesimama nje wakisubiri.

Na leo je? Januari inapofika, kahawa imekwisha kuvunwa na fedha zake zimekwisha kutumika Krismasi. Mzazi wa Nkoaranga hatoi ada, lakini anahitaji shati jeupe, kaptula au sketi ya bluu, sweta kwa ajili ya baridi ya mlima, viatu, madaftari, na mara nyingi ufagio na kidumu cha maji. Sare hununuliwa kubwa, ili impate mtoto mpaka darasa la tatu. Ndiyo maana siku ya kwanza watoto wote huonekana kana kwamba wamevaa nguo za kaka zao. Kichwa kimenyolewa jana yake. Asubuhi kuna uji, au loshoro iliyobaki ya jana. Kisha wanashuka njiani, mtoto akiwa na ufagio mrefu kuliko yeye, na bibi akiwa nyuma akishikilia cheti cha kuzaliwa kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Kwa wengi hii si tena siku ya kwanza kabisa. Tangu sera ya elimu ya mwaka 1995 madarasa ya awali yametambuliwa rasmi, na kabla ya hapo palikuwapo chekechea, ambazo watu wa bara huziita kwa mapenzi "shule za vidudu", nyingi zikiwa chini ya makanisa. Mtoto anayeingia darasa la kwanza sasa huwa amekwisha kulia kilio chake mwaka uliotangulia. Jambo jingine limebadilika pia bila kutangazwa. Watoto wengi wa mteremko huo hufika shuleni wakiwa wanajua Kiswahili tayari. Wamekipata kwa wazazi, redioni, kwenye simu. Wanachokikosa ni Kimeru. Kizingiti ambacho babu zao walikivuka darasani, wao wanakikuta kwa bibi, wanapoagizwa kitu kwa lugha ya mlima na kubaki wamesimama.

Hilo ndilo jambo ambalo sisi wapenzi wa Kiswahili hatuna budi kulitafakari kwa unyofu. Tulikipeleka Kiunguja mlimani, nacho kimeshinda. Kimewapa watu wa Meru sauti mbele ya wakoloni na undugu na watu wa makabila mia na zaidi. Ushindi huo haukutuondolea deni. Shairi la Kiswahili limenenepa kwa maneno ya Kiarabu, Kihindi, Kireno na Kiingereza. Ya Kimeru, Kichaga na Kiarusha tumeyaachia njiani, kana kwamba mtoto aliyekuja kwetu na ufagio wake hakuja na neno lolote mdomoni. Alikuja nayo. Wazee wanaoyajua wangalipo Nkoaranga, na wajukuu wao wameshajua kuandika. Kilichobaki ni mwalimu wa kuwaambia, katika wiki ile ya kwanza, waulize nyumbani na walete neno moja moja darasani.